Mivujo ya upepo kiwandani: bunduki ya altrasoniki, kamera ya sauti, au kukodi kampuni?

Mtambo_Kazi
Wakuu habari za jioni. Nipo kitengo cha matengenezo, kiwanda cha vinywaji hapa Dar. Tatizo letu ni upepo, yaani hewa iliyobanwa inayoendesha mashine. Zamani kompresa moja ilibeba kiwanda kizima na ya pili inapumzika. Sasa zote mbili zinanguruma kutwa, na bado mashine ya kubandika lebo inasimama kwa presha kushuka. Bosi anataka kununua kompresa ya tatu. Nimemwomba tutafute mivujo kwanza, amekubali, ila anataka pendekezo moja kabla bajeti haijafungwa mwisho wa mwezi:

1. Kununua bunduki ya altrasoniki ya bei ya kati, ile inayonasa sauti ya mvujo isiyosikika kwa sikio, unaisikiliza kwa hedifoni.
2. Kununua kamera ya sauti, ile inayoonyesha kwenye skrini sauti inatoka wapi, mfano Fluke ii900 au FLIR Si124.
3. Kukodi kampuni ije ipime na kutoa ripoti.

Fundi wetu mkuu anasema yote hayo ni kutupa hela, maji ya sabuni yanatosha. Naombeni uzoefu wenu, natanguliza shukrani.

Mzee wa Skruu
Kwa maelezo haya utapewa ushauri wa kubahatisha. Kompresa za kilowati ngapi? Presha bar ngapi? Ni za kupakia na kuachia (zinabana upepo, presha ikitosha zinazunguka bila kubana) au zina VSD, kifaa cha kubadili kasi ya mota? Mnazalisha saa ngapi kwa siku? Mabomba ni ya chuma, ya plastiki ya PPR au nini? Na je, mmeshapima mnavuja kiasi gani, au mnasikia tu zinanguruma?

Kipanga77
Nenda na kamera ya sauti, mkuu, usijiulize mara mbili. Ile ii900 ina maikrofoni 64, Si124 ina 124. Unasimama sakafuni, unaielekeza kwenye bomba lililo juu ya paa, unaona doa la rangi pale panapovuja, tena mashine zikiwa zinafanya kazi. Hupandi ngazi, husimamishi laini. Kwa bunduki utazunguka siku nzima na hedifoni kichwani na bado mabomba ya juu hutayafikia.

Babu_Spana
Fundi wako mkuu yuko sahihi. Nimeziba mivujo toka tunatumia sabuni ya mche na brashi. Povu halidanganyi. Hizo kamera zinauzwa kwa bei ya gari, halafu mwisho wa siku bado atahitajika mtu mwenye spana.

Dada_Matengenezo
Babu, shikamoo. Sabuni naikubali kwa kuhakiki, si kwa kutafuta. Kiwanda chenye mamia ya viungo utapaka mpaka lini? Halafu muwe makini na yale mabakuli ya plastiki ya filta na regyuleta (kirekebisha presha). Ni polikaboneti, na baadhi ya sabuni na viyeyushi vinayafanya yaanze nyufa ndogo ndogo. Bakuli likipasuka likiwa na bar 7 ndani, vipande vinaruka. Mkipaka, suuzeni kwa maji safi. Na msinyunyize karibu na koili za solenoidi, zile valvu za umeme.

Mtambo_Kazi
Mzee wa Skruu, nashukuru. Kompresa ni mbili za skruu, kila moja kilowati 75, za kupakia na kuachia. Presha tumeweka 8.5. Mabomba ni ya chuma, yamezeeka, na kuna sehemu mpya za PPR. Zamu mbili, siku sita. Kiasi cha kuvuja hatujawahi kupima, ndiyo maana natafuta kifaa.

Mzee wa Skruu
Kujua mnavuja kiasi gani na kujua panapovuja ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza haihitaji kifaa zaidi ya saa. Siku kiwanda kimesimama, washa kompresa moja, acha valvu zote za kuelekea kwenye mashine wazi, hakikisha hakuna anayetumia upepo. Andika muda inaopakia na muda inaoachia, rudia mizunguko kadhaa. Muda wa kupakia gawanya kwa jumla ya muda wote, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya uwezo wa kompresa inayokwenda hewani.

Usifunge valvu za mashine. Wengi wanazifunga, wanapata namba nzuri, wanafurahi bure. Mivujo mingi haipo kwenye bomba kuu. Ipo mita 10 za mwisho: koplingi, mipira, regyuleta, silinda, dreni (valvu za kutolea maji) zilizoganda zikiwa wazi.

MwanaThika
Wadau, salamu kutoka Kenya. Nyinyi mnasema upepo, sisi hewa, lakini stima inayolipwa ni ileile. Huku kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zilitaka kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi kila baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo mivujo ya hewa inaandikwa kwenye ripoti utake usitake. Chama cha wenye viwanda, KAM, kina kituo kinachofanya kaguzi hizo. Ningependekeza namba 3, uanze na watu waliozoea, ujifunze kwao, ndipo ununue chombo chako.

Dada_Matengenezo
MwanaThika, ukaguzi ni mzuri, ila nitaeleza yaliyotukuta na hiyo namba 3 ili Mtambo_Kazi ajue la kuandika kwenye mkataba.

Tulikodi kampuni, jina naliacha. Walikuja na kamera ya sauti, wakazunguka kila kona, wakafunga tegi nyekundu (vibandiko vya alama) kwenye kila mvujo, wakatuletea ripoti nene yenye picha za rangi na jumla ya fedha tutakazookoa kwa mwaka. Uongozi ukaisifu kikaoni. Basi. Mkataba ulikuwa wa kupima tu. Hakuna aliyetenga fungu la koplingi, oringi wala regyuleta. Mafundi wa zamu wakiona tegi wanasema hiyo ni kazi ya mradi. Watu wa mradi wanasema ni ya zamu. Tegi za karatasi zikalowa wakati wa kuosha mashine, zikadondoka. Ripoti ilikuwa imeandika "mvujo, laini ya pili, upande wa kushoto", bila namba ya mashine. Ukienda na karatasi mkononi huwezi kujua ni kiungo kipi.

Baadaye tukaamua kuziba wenyewe, tukianza na mikubwa. Tuliziba kweli, hata kelele ukumbini ikapungua. Bili ya TANESCO ikaja, haikushuka kama ripoti ilivyoahidi. Meneja akaanza kusema habari za mivujo ni hadithi za mafundi wanaotaka vifaa.

Jibu lilikuwa chumba cha kompresa. Zilikuwa za kupakia na kuachia kama zenu, zote zimewashwa muda wote. Kompresa ya skruu ikiachia haizalishi upepo, lakini mota yake inaendelea kula robo hadi asilimia 40 ya umeme wa mzigo kamili. Tulichookoa kwenye mabomba tukawa tunakilipa kwa mashine zinazozunguka bure. Tena, matundu yalipopungua presha ya mfumo ikapanda, na presha ikipanda yale matundu yaliyobaki yanatoa zaidi. Tulipozima kompresa moja kabisa na kushusha presha hatua kwa hatua mpaka 7, ndipo bili ikaitikia.

Kwa hiyo swali la kifaa gani ni la pili. La kwanza ni nani ataziba, kwa fedha ipi, na nani ana mamlaka ya kuzima kompresa.

Kipanga77
Dada, hapo tatizo ni kampuni na mkataba, kamera haina kosa.

Dada_Matengenezo
Sijailaumu kamera. Nimesema ilichofanya na isichofanya. Na hizo lita kwa dakika inazoonyesha ni makadirio. Kwenye chumba chenye kuta za chuma cha pua sauti inagonga na kurudi, unaona doa ukutani pasipo na bomba.

Mtambo_Kazi
Wakuu, Jumapili nimefanya kama Mzee alivyoelekeza. Kompresa moja, uzalishaji umesimama, valvu wazi. Inapakia dakika 2, inaachia dakika 3, imerudia hivyo hivyo.

Mzee wa Skruu
Mbili gawanya kwa tano: asilimia 40 ya kompresa ya kilowati 75 inaondoka huku hakuna chupa hata moja inayotembea. Kawaida viwanda visivyofuatilia mivujo vinapoteza asilimia 20 hadi 30 ya upepo. Vinavyofuatilia vinashuka chini ya 10.

Tafsiri yake ni hii. Tundu la milimita 3 kwenye bar 7 linatoa lita kama 10 kwa sekunde, kilowati 3 na ushee. Nyinyi mna sawa na matundu ya namna hiyo manane au tisa, yamesambaa vipande vipande. Chukua kilowati 30, kwa saa 6,000 za mwaka kompresa zikiwa zimewashwa: uniti 180,000. Kwa shilingi 195, iliyokuwa bei ya uniti ya T2 (kundi la bei la TANESCO), ni zaidi ya milioni 35 kwa mwaka. Mpelekee bosi hiyo karatasi kabla hajasaini kompresa ya tatu.

Babu_Spana
Kiwanda cha ukubwa huo huenda kiko T3, uniti ni ya bei ya chini kuliko T2.

Mzee wa Skruu
Inawezekana, aangalie bili yake. Ila asisahau na gharama ya kVA, ile ya kilele cha mzigo. Kompresa ya pili ikiwaka saa ya kilele, inalipiwa hata kama iliwaka kwa muda mfupi.

Dada_Matengenezo
Na hiyo 8.5 ni ya nini? Kuna mashine gani inayodai hivyo? Ukishusha hadi 7, mivujo peke yake inapungua kwa karibu asilimia 16 bila kushika spana, na kompresa yenyewe inaokoa kama asilimia 7 ya umeme kwa kila bar unayoshusha.

Mtambo_Kazi
Ilipandishwa kwa ajili ya mashine ya lebo iliyo mwisho wa laini. Naona sasa tumekuwa tunalisha matundu. Ngoja niongeze jambo: hiyo ni laini ya mashine tu. Laini ya bar 40 ya kupuliza chupa za plastiki za PET ina kompresa yake ya pistoni. Hiyo sijaipima.

Mzee wa Skruu
Hilo ungeliandika mstari wa kwanza kabisa! Tundu lilelile likiwa kwenye bar 40 linatoa karibu mara tano ya bar 7, na kila lita imegharimu umeme mwingi zaidi kuibana. Anza huko. Na waambie vijana wako wazi wazi: hakuna kupapasa kiungo cha bar 40 kwa mkono. Upepo wa presha hiyo unapenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake kwa nje linaonekana dogo.

Kipanga77
Sasa ndiyo sababu ya kamera. Unapima ukiwa mbali.

fundi_Morogoro
Bunduki pia inapima kwa mbali, kaka. Mvujo unatoa sauti nyingi maeneo ya kHz 40, sikio letu linaishia 20. Bunduki inaishusha mpaka unaisikia. Mimi natumia hiyo: naanza na usikivu wa juu, nikikaribia napunguza, mwisho naweka ile pua ya mpira inayobana eneo. Kukiwa na mashine nyingine inapuliza jirani, naziba upande huo kwa kipande cha boksi. Mtu mwenye subira anajifunza haraka.

Na nikuambie chanzo kikubwa nilichokikuta: mipira ya poliyurethani iliyokatwa kwa kisu. Ikikatwa mshazari haikai sawa kwenye koplingi ya kusukuma. Nunua vikatio vya mipira, mpe kila fundi chake.

MwanaThika
Hizo sehemu za PPR zimetokea wapi? Huku kuna jamaa wanatumia hata PVC kwa hewa.

Babu_Spana
PVC ya klasi ya juu inafanya kazi. Nimeiona gereji za mjini miaka na miaka.

Dada_Matengenezo
Babu, kwa heshima, hapana. Watengenezaji wenyewe wa mabomba ya PVC wanakataza kuyatumia kwa upepo. Upepo uliobanwa una nishati ambayo maji hayana. PVC ikifeli haivuji, inavunjika vipande vyenye ncha. Jua, mafuta ya kompresa na umri vinaidhoofisha bila kuonyesha dalili. Hao wa gereji bado hawajapata ajali, hilo halifanyi iwe salama.

Babu_Spana
Nasema nilichokiona, binti yangu. Chuma nacho kinaota kutu kwa ndani, kutu inakwenda kuziba solenoidi.

fundi_Morogoro
Hapo Babu ana hoja. Aluminiamu ndiyo suluhisho, ingawa viungo vyake ni ghali. PPR ikae mbali na mahali kompresa inapotolea upepo, joto linailegeza.

Mzee wa Skruu
Tumetoka kwenye mada. Mtambo_Kazi, umefikia wapi?

Mtambo_Kazi
Ninaelekea kuomba bunduki, na kukodi kamera siku chache kwa mabomba ya juu na laini ya bar 40, nikiweka sharti kila mvujo uwe na namba ya mashine na picha. Fungu la vipuri niliweke humo humo. Bosi bado anaitaja kompresa ya tatu, safari hii yenye VSD.

Kipanga77
Ukikodi kamera mara tatu nne, hesabu bei zake. Utarudi hapa kuniuliza ya kununua.

Dada_Matengenezo
VSD si wazo baya, ila ichaguliwe baada ya kuziba, ukubwa wake utakuwa tofauti kabisa. Ukiinunua leo utakuwa umepima mivujo, si mahitaji.

Neema_Boila
Samahani kuingilia, nimefuata uzi toka mwanzo. Koplingi za shaba zinazodumu mnanunua wapi? Za Kariakoo nilizopata zinaanza kuvuja mapema sana.

fundi_Morogoro
Dada Neema, jaribu maduka ya mtaa wa Gerezani, ila nenda na ya zamani mkononi uilinganishe uzito. Ikiwa nyepesi iache. Ni za inchi ngapi?