Mjadala: Adele wa 2008 alistahili au alibebwa?

Mleta mada
Wakuu, mwaka 2008 magazeti ya Uingereza yalikuwa yanawaimba wasichana wawili wapya wa soul, muziki ulioanzishwa na Wamarekani weusi: Adele wa London na Duffy wa Wales. Wote weupe. Mwaka huohuo Estelle, mwimbaji mweusi wa London, alihoji kwenye gazeti la Guardian inakuwaje soul inasifiwa hivyo na hakuna mweusi anayetajwa. Wapo wanaosema ule ulikuwa wivu. Mimi nasema alipiga kwenye mshono. Tubishane, ila matusi hapana.

Mdau wa Mombasa
Alibebwa na nani, ndugu yangu? Binti kalelewa na mama peke yake, kasoma BRIT School, shule ya sanaa kule Croydon ambako hakuna ada. Nyimbo tatu alizorekodi kama kazi ya darasani, rafiki yake ndiye aliyezitupia MySpace, mtandao wa kijamii wa enzi hizo. Kampuni ya XL Recordings walipomwandikia hakuwaamini, kwa sababu kampuni ya muziki aliyoijua ni Virgin tu. Kwenye kikao alikwenda na rafiki wa kumsindikiza. Halafu Hometown Glory, wimbo aliotunga akiwa na miaka 16 baada ya kugombana na mama yake, ukatoka Oktoba 2007 kwa santuri 500. Anayebebwa hachapishiwi santuri 500!

Mleta mada
Santuri 500 Oktoba, tuzo mpya ya wahakiki ya BRIT, zile tuzo za muziki za Uingereza, Desemba, albamu yake ya kwanza iitwayo 19 Januari na moja kwa moja namba moja. Hiyo ngazi mbona ina vidato vitatu tu? Mwimbaji Leona Lewis alisoma BRIT School hiyohiyo, baba yake mweusi. Yeye ilibidi apite X Factor, shindano la kuimba la televisheni, asimame mbele ya majaji wiki baada ya wiki.

Mdau wa Mombasa
Na akauza! Albamu yake Spirit ya 2007 ilivunja rekodi ya Uingereza ya albamu ya kwanza iliyouzwa haraka zaidi. Estelle naye alishika namba moja na wimbo wa American Boy mwaka huohuo unaoulalamikia. Wanunuzi hawakuangalia rangi.

Mleta mada
Sawa, wanunuzi nimewatoa. Nabaki na wahariri na wahakiki, na hata Estelle lawama yake ilikuwa kwa vyombo vya habari.

Mchangiaji mwingine
Mimi naona mnagombania kitu ambacho hakipo. 19 ni pop yenye fidla na gitaa, si soul. Adele mwenyewe amesimulia kwamba CD ya Etta James, mwimbaji mweusi wa soul wa Marekani, aliichukua dukani kwa kupenda mtindo wa nywele, akataka kumwonyesha msusi wake. Kuisikiliza kulikuja baadaye. Sauti anayo, hilo sibishi.

Mdau wa Kampala
Mbona mnamsahau Michael Kiwanuka, mwimbaji mweusi wa soul? Wazazi wake waliikimbia Uganda ya Amin, yeye akazaliwa London. Mwaka 2011 alikuwa anamfungulia Adele maonyesho, na 2012 BBC ikamweka kileleni mwa orodha yake ya wasanii wa kutazamwa, palepale ilipomweka Adele 2008. Mlango si ulifunguka?

Mleta mada
Ulifunguka nusu. Albamu ya Kiwanuka, Home Again, ilifika namba 4, na kila mhakiki akawa anamlinganisha na Bill Withers, mwimbaji mweusi wa soul wa Marekani wa miaka ya 70. Mweusi akiimba soul anaambiwa anarudisha ya kale. Adele akiimba, wanasema kaleta mapya.

Mdau wa Mombasa
Hapo unavuta kamba upande wako. Amy Winehouse, mwimbaji wa London, naye aliambiwa anarudisha miaka ya 60, na alikuwa mweupe.

Mleta mada
Asante kwa kumtaja. Sehemu ya albamu yake Back to Black ilipigwa na Dap-Kings wa New York, bendi ya Sharon Jones, mama mweusi aliyewahi kuwa askari magereza Rikers Island. Hiyo ndiyo soul aliyokuwa akiiimba Sharon, na bendi hiyohiyo nyuma yake. Amy akaondoka na Grammy tano Februari 2008. Sasa niambie, ni gazeti gani la London lililokuwa linamwimba Sharon mwezi huo?