Nyangumi akikwama ufuoni ama twiga kisiwani, tumwokoe ama tumwache?

Watu wa Nakuru na popote mlipo, hii maneno nataka tuijadili bila matusi. Jana jioni kwa kibanda cha chai hapa Section 58 kijana mmoja alikuwa anatuonyesha video kwa simu, nyangumi wamekwama huko Tasmania, kisiwa cha Australia, watu wako ndani ya maji baridi hadi kiunoni wanawahangaikia, mzee mmoja akasema huo ni ujinga wa watu walioshiba, ati huku kwetu ziwa limefurika likafukuza watu na hakuna aliyewapelekea hata chai. Meza nzima ikamuunga mkono. Mimi nilinyamaza lakini imenikaa rohoni.

Hiyo ilikuwa Septemba 2020, Macquarie Harbour, walikwama karibu 470 na waliookolewa ni kama 110 tu. Najua mtu atasema si unaona, wengi walikufa. Lakini nyangumi si samaki jamani, anapumua hewa kama wewe, akilala mchangani uzito wake mwenyewe unamkandamiza mapafu na yale mafuta ya mwili yanampikia ndani kwa ndani, ndio maana ukikuta amekwama unamwagilia na ndoo, unamfunika shuka zenye maji, unachunga tundu lake la pumzi pale juu lisizibwe, unangoja maji yajae ama mashua imvute. Hao 110 walirudi baharini kwa sababu kuna watu walikubali kulowa.

Na mwaka huo huo sisi pia tulifanya! Twiga wa Longicharo pale Ziwa Baringo, walipelekwa 2011 wakati bado unafika kwa miguu, ziwa likapanda hadi pakawa kisiwa. Tarehe 2 Desemba 2020 Asiwa akavushwa wa kwanza kwa chelezo cha chuma kilichoelea juu ya mapipa matupu, na kufikia Aprili 2021 wote 9 walikuwa wametoka, hata mtoto aliyezaliwa huko huko. Kabla ya hapo walikuwa wanapelekewa chakula kwa mashua. Nani walifanya hiyo kazi? Kulikuwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na wafadhili, sawa, lakini pia Wailchamus na Wapokot wa Ruko, hifadhi ya jamii iliyo hapo, jamii zile zile ambazo ziwa limemeza ardhi yao.

Shangazi yangu boma lake lilikuwa karibu na Kampi ya Samaki, likaenda lote, sasa anakodisha Marigat. Nilimuuliza kama aliwaonea hao twiga wivu akasema hapana, aliwaombea, kwa sababu anajua vile kunakaa maji yakikuzunguka usiku. Kinachomuuma ni wale walioandika jina lake mara mbili kwa daftari la msaada na hawakurudi. Twiga hakuchukua hema la shangazi yangu. Tusimsukumie mnyama deni la watu wenye daftari.

Jibu, Kisumu: Dada umeongea vizuri lakini njoo huku Dunga, ufuoni kwetu. Kiboko akinaswa kwa magugu hakuna mvuvi atamsogelea na ni haki yake, wenzetu wameuawa na viboko. Huruma ni rahisi kama mnyama hawezi kukuua.

Mwenye mada: Kaka hapo nakubali kabisa, na poleni kwa hao wenzenu. Sisemi mvuvi aingie. Hata nyangumi mkia wake unaweza kukuvunja, huko wanafundisha watu kwanza kabla ya kuingia majini. Na kuna siku wanaacha, Februari 2025 huko huko Tasmania, Arthur River, zaidi ya 150 walikwama, bahari ilikuwa imechafuka kwa mawimbi, kuwarudisha ikashindikana, waliobaki hai wakauawa wasiendelee kuteseka. Hiyo nayo nilisoma nikalia lakini siwezi kusema walikosea. Sasa nikuulize, kiboko akinaswa hapo kwenu, mkipiga simu wenye bunduki na dawa ya usingizi wanachukua muda gani kufika?