Tupeane uzoefu: ulifungaje mpira wa gari ukaacha kuvuja?

Mzigo wa Njombe (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Naomba leo tukae kwenye jambo moja tu: mipira ya gari, yaani hozi, si matairi. Ya maji, ya petroli, ya oili, ya turbo. Kubadilisha mpira kila gereji inaweza. Shida ni kuufunga ukatulia. Kila mtu alete kilichomkuta, alichokiona alipofungua, na alivyomaliza. Naanza mimi.

Disemba iliyopita nilikuwa napeleka familia Njombe na Noah. Siku mbili kabla ya safari gereji moja ilinibadilishia pampu ya maji na mpira wa juu wa rejeta, nikatoka Dar nina amani. Ruaha Mbuyuni tumepita vizuri, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya semi lililojaa mzigo. Mara mke wangu ananiambia anasikia harufu tamutamu. Naangalia mshale wa joto, umevuka nusu na bado unapanda. Nikatafuta pa kusimama, nikafungua boneti. Mpira mzima, mpya, lakini ncha yake ya upande wa injini inarusha maji membamba kama ya pulizo.

Tulikaa karibu saa nzima kabla sijagusa kifuniko cha rejeta. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakiungua. Maji ya humo yanakuwa kwenye mgandamizo wa karibu bar 1, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko mgandamizo unaondoka, na hapo hapo yanalipuka mvuke usoni mwako.

Gari lilipopoa nikalegeza klipu (ule ukanda wa chuma unaobana ncha ya mpira), ndipo nikaelewa. Mdomo wa bomba la maji una kinundu kinachouzunguka, na klipu inatakiwa ikae nyuma ya kinundu. Hii ilikuwa imefungwa juu yake. Na ilikuwa imekazwa sana, mpaka mpira umetokeza kwenye vile vitundu vya klipu kama nyama ya kusaga. Nikakata sentimita moja ya ile ncha iliyokatikakatika (mpira ulikuwa na urefu wa kutosha), nikafuta mdomo wa bomba, nikausukuma mpira mpaka mwisho, klipu nikaiweka nyuma ya kinundu na kuiacha milimita tatu hivi kutoka ukingoni mwa mpira. Chupa nne za maji ya kunywa zikaingia kwenye rejeta. Tulifika Njombe usiku, na hadi leo mpira ni ule ule.

Karibuni.

Fundi wa Keko

Mkuu pole kwa safari, na asante kwa uzi. Nafanya kazi hii mwaka wa kumi na nne. Ulichokiona Kitonga nakikuta kila wiki, ila kwangu kinachoongoza ni uchafu wa mdomo wenyewe. Magari mengi hapa mjini yanajazwa maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini). Ukichomoa mpira unakuta bomba la aluminiamu limeota ukoko mweupe kama chokaa. Fundi mwenye haraka anavalisha mpira mpya juu ya ukoko huo. Huwezi kuziba hapo hata ukaze mpaka klipu ikatike, maji yanapita kwenye mabonde ya ukoko.

Mimi natumia msasa laini namba 400, na nasugua kwa kuzungusha bomba. Usisugue kwa kwenda na kurudi kufuata urefu wake, maana kila mkwaruzo wa urefu ni mfereji unaotoa maji nje. Nikimaliza napitisha ukucha. Ukucha ukikwama popote, narudia.

Mpira ukigoma kuingia, paka maji ya sabuni. Tafadhali msipake grisi wala oili ya injini kwenye mipira ya maji. Mpira ule hauelewani na mafuta, unavimba na kulainika, na baada ya miezi utaukuta umelegea kama mlenda.

Wakati wa kutoa mpira ulioganda, msichokonoe na bisibisi. Shingo ya rejeta nyingi za sasa ni plastiki, inapasuka. Mpira wa zamani uchane kwa wembe kwa urefu wake, bila kugusa bomba, uuvue kama ganda la ndizi. Bora upoteze mpira kuliko rejeta.

Kimani wa Limuru

Salamu kutoka Kenya ndugu zangu. Fundi wa Keko amesema vizuri, nami naongeza kuhusu klipu zenyewe.

Probox yangu ilikuja na zile klipu za springi, za kubana na plaizi. Makanika mmoja akazitupa akaniwekea za kukaza na bisibisi, akisema ndizo za nguvu. Huku kwetu Julai asubuhi ni baridi kweli. Ikawa kila nikiamka nakuta tone la kulanti chini ya gari, nikiendesha hadi Nairobi injini ikipata moto, pamekauka kabisa. Nilihangaika miezi miwili nikidhani ni pampu.

Kumbe gari likipata moto mpira na bomba vinatanuka, vinabanana. Likipoa vinanywea, na klipu ya kukaza haina habari, inabaki pale pale ulipoiacha. Ya springi inafuata, inabana wakati wote. Nilirudisha za springi, saizi ile ile ya mwanzo, na tone likaisha siku hiyo hiyo. Ukitumia mpira wa zamani, iweke klipu kwenye alama yake ileile ya mwanzo, usiihamishe nusu ndani nusu nje.

Mama Vitz

Jamani mbona hii ya kaka wa Limuru ni yangu mimi! Vitz yangu asubuhi inaacha tone dogo la kijani upande wa abiria, mchana hakuna kitu. Niko Arusha, baridi yetu mnaijua. Fundi amenipaka silikoni mara mbili. Inakaa wiki, inarudi. Nifanyeje?

Fundi wa Keko

Dada, ile silikoni itoe yote. Kwenye mpira wa maji haina kazi, inaufanya mpira uteleze, na vipande vyake vikimeguka ndani vinakwenda kukaa kwenye themostati (mlango unaofungulia maji injini ikipata moto) au kwenye vijia vya rejeta. Fungua gari likiwa limepoa, angalia klipu ni ya aina gani, sugua mdomo wa bomba, kisha ubonye mpira kwa vidole karibu na ncha na katikati. Ncha ikiwa laini kuliko katikati, mpira umeoza kwa ndani hata kama nje unang'aa. Badilisha.

Na kama utabaki na klipu za kukaza: endesha, liache lipoe usiku mzima, asubuhi rudia kukaza kidogo. Mpira mpya huwa unabonyea na klipu kulegea kidogo baada ya moto wa kwanza.

Dereva wa Canter

Mimi shida yangu ilikuwa mpira wa turbo, ule mkubwa unaokwenda intakula (kipoza hewa ya turbo). Ulikuwa unachomoka kila mlima, gari linabaki halina nguvu na moshi mweusi. Tulikaza, tukaweka klipu mbili mbili, wapi. Mzee mmoja Makambako akapitisha kidole ndani ya mpira, kikatoka na oili. Akafuta bomba na mpira kwa petroli, akaacha vikauke kabisa, akafunga vikavu na klipu pana ya bolti. Haujachomoka tena. Turbo huwa inapitisha oili kidogo, kwa hiyo kila nikifungua pale nafuta upya.

Shabani 2NZ

Naomba nitoe onyo, maana hili lingeniua. Nilikuwa nasikia harufu ya petroli ndani ya IST, hasa kwenye foleni. Kufungua boneti, mpira wa petroli ulikuwa umeungwa kwa kipande cha mpira wa maji na kufungwa kwa waya wa kufungia nondo. Petroli ya injini hizi inasukumwa kwa karibu bar 3, mara tatu ya mgandamizo wa rejeta, na ile ilikuwa pembeni ya ekzosi. Kipande kilikuwa kimevimba mara mbili ya unene wake.

Nilichomoa fyuzi ya pampu, nikawasha injini mpaka ikazima yenyewe ili mgandamizo uishe, ndipo nikafungua. Nikanunua mpira ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa petroli ya injini za sindano, na klipu ambazo ukanda wake hauna matundu, hazikati mpira. Kabla ya kuwasha niliweka swichi on na off mara nne ili pampu ijaze, nikamulika kwa tochi na kupitisha karatasi nyeupe kila maungio. Karatasi ikawa kavu ndipo nikawasha.

Waya sitaki hata kuuona kwenye gari langu. Unabana mstari mmoja mwembamba, unakata.

Mzigo wa Njombe (mleta mada)

Shabani, Mungu alikuwa nawe kaka. Wengine msome hapo mara mbili. Hata mipira ya oili ya giaboksi inayokwenda kwenye rejeta ni hivyo hivyo, isiwekwe ya maji, nunua ya oili.

Mama Vitz

Narudi na mrejesho wakuu. Jumamosi nilisimama na fundi mwanzo mwisho. Klipu ya mpira wa chini ilikuwa ya kukaza, saizi kubwa mno, ukanda umejikunja na kuacha nafasi upande mmoja kama duara lililopondwa. Ndani silikoni imeshikana na ukoko mweupe. Amesugua kwa kuzungusha kama mlivyosema, tumeweka mpira mpya na klipu za springi za saizi yake, akajaza kulanti na kutoa hewa.

Nimetandika kadibodi chini ya gari kila usiku. Leo asubuhi ni ya nne, bado kavu. Ila nimeona unyevu kidogo kwenye mpira mwembamba wa hita kule nyuma. Jumamosi hii tunaufungua huo.