Unga kwenye nyama ya kopo, maji kwenye kuku wa friza: tunaopikia wagonjwa wa sukari Dar tunapigwa

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na nimeona nisilale nayo.

Nampikia bi mkubwa wangu. Ana miaka 71, ana sukari na presha. Daktari wa kliniki alimwambia apunguze wanga na siku hiyohiyo akampunguzia vidonge. Hilo naomba mlisome vizuri: msiige kichwakichwa mgonjwa akiwa kwenye dawa, sukari inaweza kushuka ghafla mkampoteza. Tangu hapo ugali basi, wali basi, chapati basi. Anakula nyama, kuku, samaki, mayai, chainizi, matembele, bilinganya na parachichi, na msimamizi wa sufuria ni mimi.

Natoka kazini Kariakoo saa kumi na mbili jioni. Mpaka nipate mwendokasi, nifike Kimara, nichukue bajaji ya Temboni, ni saa mbili usiku. Saa hiyo siwezi kuanza kuchemsha nyama ya bucha mpaka ilainike, mama atakula saa ngapi? Kwa hiyo nategemea vitu viwili, kopo na friza. Kote kuwili nimepigwa.

Naanza na kopo. Alhamisi moja mwezi uliopita umeme ulikatika tangu asubuhi, nikaogopa vilivyokuwa kwenye friji. Nikapitia duka moja kubwa, nikachukua kopo la gramu 400. Mbele wamechora vidonge vya nyama vinang'aa kwenye mchuzi mzito, na maandishi makubwa yanasema ni nyama ya ng'ombe. Nikapasha kwenye gesi, nikamwekea na chainizi ya kukaanga. Alikuwa na njaa, akala kopo zima. Kabla ya kula nilimpima sukari ya damu, ikasoma 7.1 (mmol/L). Saa mbili baadaye ikasoma 12.4. Nikadhani kipimo kimekosea. Nikamwosha mkono, nikamkausha, nikatoboa kidole kingine: 12.2. Akaniangalia akaniuliza taratibu, "Baba, umeniwekea nini humu?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitoa kopo kwenye ndoo ya taka, nikalisuuza, nikawasha tochi ya simu. Maandishi ya nyuma ni madogo mno na hakuna hata neno moja la Kiswahili. Nyama asilimia 38. Kinachofuata ni maji, makombo ya mkate, unga wa ngano, wanga wa mahindi, sukari. Wanga gramu 9 kwa kila gramu 100. Pigeni hesabu wenyewe, kopo zima ni gramu 36, sawa na wanga ulioko kwenye karibu gramu 50 za unga wa sembe. Yaani ugali niliomkatalia mama yangu kwa miezi, nimemlisha mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu mtu kaandika "nyama" mbele ya kopo.

Nyama yenyewe, iwe ya ng'ombe, mbuzi au kuku, haina wanga wa kuhesabika. Wanga ukionekana kwenye kopo au kwenye soseji, ujue kuna mtu kautia. Anautia kwa sababu unga ni rahisi kuliko nyama na unashika maji. Basi aandike mbele, kwa herufi zilezile kubwa, kwamba humu kuna nyama kidogo na unga mwingi. Anayetaka atanunua.

Kuna makopo ya haki, sikatai. Ile nyama ya ng'ombe ya kopo la pembe nne, inayofunguliwa kwa kifunguo cha kuzungusha, wanga wake ni karibu na sifuri. Bi mkubwa anaikumbuka tangu enzi za kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers pale Kawe, anasema ilikuwa chakula cha safari, unaila na mkate ndani ya treni. Leo Tanganyika Packers ukiitaja watu wanajua ni uwanja wa mikutano, na nililonunua mimi limeandikwa limetoka Brazil, wakati nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Hilo nalo linaniuma ila ni uzi mwingine.

Shida ya hilo kopo ni chumvi. Langu lilisema gramu 2.2 kwa kila gramu 100, na kopo ni gramu 340, kwa hiyo lote ni kama gramu saba na nusu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, na huyu wangu ana presha. Halafu kitengo chao cha utafiti wa saratani mwaka 2015 kiliziweka nyama za kusindikwa, hizi za kopo na soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana kwa anayezila kila siku. Kwa hiyo kwangu kopo ni la dharura. Robo kopo navuruga na mayai mawili na hoho, chumvi siongezi hata punje.

Nikasema basi, nihamie friza. Huko ndiko nilikokuta uchungu mwingine.

Nilinunua kuku kaganda kwenye mfuko, lebo inasema kilo 1.3, bei 11,500 kwa kilo. Nikalipa 14,950. Nikamweka kwenye chujio juu ya bakuli, ndani ya friji, usiku kucha. Asubuhi nikampima kwenye mzani wa jikoni: kilo 1.085. Gramu 215 zimebaki kwenye bakuli, maji ya pinki. Nimenunua maji ya karibu shilingi 2,500. Kuku yeyote akigandishwa atatoa maji kidogo akiyeyuka, hilo nalijua, hata ninaowagandisha mwenyewe wanatoa. Lakini hao wangu hawatoi bakuli zima. Kusoma lebo: kuku, maji, chumvi, fosfeti. Amedungwa maji ya chumvi, na fosfeti imewekwa ili maji yasitoke kabla hajafika kwenye mzani wa duka. Presha ya mama yangu tena iko hapo.

Ungekuwa wizi wa maji tu ningelalamika nikanyamaza. Wiki iliyofuata nikachukua mapaja kwenye duka hilohilo. Nilipofika nyumbani nikaona vipande vimegandana bonge moja, na barafu ya pinki imejikusanya upande mmoja wa mfuko kama uji uliolala. Wakuu, mkiona hivyo rudisheni palepale. Maana yake ile nyama iliyeyuka, maji yakatelemkia chini, kisha ikagandishwa upya. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inazuia bakteria wasizaliane lakini wengi hawafi. Nyama ikiyeyuka wanaamka wanaendelea, ukiigandisha tena unawahifadhi wakiwa wengi zaidi. Mzee wa sukari akiharisha siku mbili ni kitandani hospitali.

Nikarudi na mfuko, risiti na picha. Kijana wa kaunta akaniambia, "Kaka, kuku wa friza wote ndivyo walivyo." Nikaomba meneja. Meneja hakuugusa hata mfuko, akanijibu, "Bosi, chakula kikishatoka mlangoni hakirudi." Nikamweleza nina mgonjwa nyumbani. Akasema nimpelekee daktari, yeye anauza kuku. Aliniambia hivyo mbele ya wateja, mimi nimeshika mapaja yanayodondosha maji kwenye kiatu.

Nilipotoka, kijana mmoja wa kupanga bidhaa akanifuata mpaka kwenye maegesho. "Broo, usinitaje. Usiku tunaambiwa tuzime friza mbili kuokoa luku, asubuhi tunawasha." Akarudi ndani haraka. Sina kinyongo na yule kijana, ana kazi ya kulinda. Aliyetoa amri ya kuzima ndiye nina shida naye.

Duka silitaji na sitalitaja hapa. Malalamiko ya uzito nayapeleka Wakala wa Vipimo, ya usalama wa chakula nayapeleka TBS (Shirika la Viwango), maana tangu 2019 chakula kilipotolewa kwa waliokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) kiko kwao. Nina lebo, risiti, na kopo nimelihifadhi.

Wanaouliza kati ya kopo na friza nichague nini: nachagua friza yangu mwenyewe. Jumamosi alfajiri nanunua kilo nne za steki na nyama ya kusaga kwa bucha ninayemfahamu, naye anasaga mbele yangu. Nagawa nusu kilo nusu kilo, nabandika tarehe, na kila mfuko naukandamiza uwe bapa kama daftari. Ukiwa bapa unaganda haraka na unayeyuka haraka. Asubuhi nahamisha mfuko mmoja kutoka friza kwenda chini kwenye friji, nikirudi saa mbili uko tayari, dakika 20 tunakula. Umeme ukikatika sifungui mlango kabisa: friza iliyojaa hukaa kama saa 48 bila kuyeyuka, iliyojaa nusu kama saa 24, kwa hiyo nafasi zilizobaki najaza chupa za maji. Kabatini nimebakiza makopo ya jodari, viungo vyake ni samaki, maji na chumvi, basi. Kopo likivimba au likibonyea kwenye mshono linatupwa, hata kama lilikuwa la elfu kumi na tano.

Lakini si kila mtu ana friza. Jirani yangu hapa anampikia mumewe mwenye sukari na hana hata friji, yeye ni kopo au afunge safari bucha kila siku. Huyo ndiye anayelishwa unga bila kujua, na Kiingereza cha nyuma ya kopo hakisomi. Lebo ya kiasi cha nyama na kiasi cha wanga iandikwe kwa Kiswahili, mbele, sio nyuma.

Naomba kitu kimoja. Mwenye mzani nyumbani, kuku wa friza atakayefuata mpime akiwa barafu, mpime akiyeyuka, kisha andika hapa chini namba zote mbili na tarehe. Jina la duka usiandike, risiti ihifadhi. Naziambatisha zote, pamoja na zangu, kwenye barua ya malalamiko ya Jumatatu.