Uhamisho ukikataliwa, mtumishi ana haki gani?

Mchokoza Mada: Chukulia walimu wawili wa sekondari, mmoja Kigoma, mwingine Morogoro, wamekubaliana kubadilishana vituo. Mkurugenzi wa halmashauri ya upande mmoja kagoma. Ana haki hiyo? Nasema hana. Nafasi haibaki wazi, na serikali haitoi hata senti, maana aliyeomba mwenyewe hujigharamia.

Mzee wa Masijala: Haibaki wazi kwa hesabu ya vichwa tu. Ukitoa mwalimu wa Fizikia ukapokea wa Kiswahili, ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, imetimia lakini Kidato cha Nne hakina wa kuwafundisha. Mabadilishano mengi hukwama hapo hapo. Uhamisho ni ombi, ndugu yangu, si kama likizo ya mwaka.

Bi Mdogo: Sawa Mzee, ila kuomba ni jambo moja na kujibiwa ni jingine. Ombi linalala mezani miezi, mtu anaambiwa "subiri". Akatae, lakini kwa maandishi na sababu. Mwombaji naye asiandike "sababu za kifamilia" akaishia hapo: aambatanishe cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa mwenza wake, au taarifa ya daktari inayotaja tiba isiyopatikana alipo.

Wakili wa Kijiweni: Sekta binafsi hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimlazimishi mwajiri akuhamishe kwa kuwa umeomba. Ukienda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mkataba usiotaja uhamisho, utaambiwa huo ni mgogoro wa maslahi, si wa haki: unaomba usichopewa na sheria wala mkataba. Penye meno ni ubaguzi. Kifungu cha 7 kinataja ujauzito, ulemavu, hali ya ndoa, VVU. Wenzako watatu wa cheo chako wamehamishwa, wewe umekataliwa wiki moja baada ya kusema una mimba? Tunza tarehe na barua zote, peleka shauri ndani ya siku 60. Mtumishi wa umma haanzii CMA: Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize kwanza ngazi za huko huko utumishi.

Mchokoza Mada: Na wakati anapanda ngazi, ndoa ikae inasubiri?

Mzee wa Masijala: Ikae. Wengi huharibu kwa kufunga virago kabla ya kibali. Ukikosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa, mada si uhamisho tena, ni utoro, na hapo unafukuzwa.

Bi Mdogo: Basi mkurugenzi naye abanwe: siku 30 hajajibu, ombi lipande lenyewe TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri.

Mzee wa Masijala: Likifika bila maoni yake, watamrudishia wamuulize ikama.