Mjadala: Je, mtu anaweza kujifundisha Kijerumani mpaka B2 bila kuingia darasani?

Mleta mada:
Wadau, tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Kijerumani kimekuwa gumzo la vijiweni. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe kule kwa kawaida anadaiwa B2, ngazi ya nne kati ya sita za kujua lugha (A1, A2, B1, B2, C1, C2). Anayekwenda kusomea kazi, ile wanayoiita Ausbildung, kwa kawaida anadaiwa B1. Huku kwetu ada za darasa zinawashinda wengi, na mawakala wanatoza watakavyo.

Hoja yangu ni kwamba darasa ni hiari. Mtihani wa Goethe, ile taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, hauulizi ulisoma wapi. Mtahiniwa wa nje anajisajili na kukaa kitini kama wengine. Mwenye simu, bando na nidhamu anafika B2 peke yake. Anayepinga alete hoja, asilete vitisho.

Mwalimu wa Jioni:
Napinga, na naanza na hesabu. Goethe wenyewe wanakadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufika B2. Hizo ni saa 450 hadi 600 mbele ya mwalimu, kazi za nyumbani hazimo. Ukisoma saa mbili kila siku, Jumapili na sikukuu zote ndani, ni siku 225 hadi 300. Sasa angalia wanavyosoma wengi: dakika kumi za programu ya simu yenye nyota na zawadi. Hizo ni kama saa 60 kwa mwaka. Kwa mwendo huo B2 itakuja baada ya miaka saba mpaka kumi.

La pili ni kosa lisilo na wa kulisahihisha. Mtu anataka kusema "kwa sababu anaumwa", anasema "weil er ist krank". Ilitakiwa "weil er krank ist", kwa sababu baada ya "weil" kitenzi kinakwenda mwisho. Lakini anaeleweka, hivyo hakuna kinachomshtua. Akilirudia mara mia tano limeshakuwa mazoea ya ulimi, na kuling'oa ni kazi ngumu kuliko kufundisha upya. Hali ni hiyo hiyo kwa "ich habe gegangen" badala ya "ich bin gegangen" (nilikwenda).

Chumvi ya Bahari:
Mwalimu, hesabu naikubali, hitimisho nalikataa. Darasa lina watu ishirini, kipindi dakika 45. Toa muda wa mwalimu kueleza na kuandika ubaoni: kila mmoja anabaki na dakika moja ya kufungua mdomo. Saa hizo 450 za darasani nyingi ni za kusikiliza wenzako wakikosea.

Anayejisomea afanye hivi. Goethe wanatoa bure orodha za maneno: takriban 650 ya A1, 1,300 ya A2, 2,400 ya B1. Yaingize kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri inayokurudishia kila neno kwa vipindi, mapya 15 kwa siku, na orodha ya B1 inaisha kwa siku 160. Kadi isibebe neno tupu. Nomino iandikwe pamoja na der, die au das yake, yaani kineno kinachoonyesha jinsia yake, na wingi wake: "der Schlüssel, die Schlüssel" (ufunguo, funguo). Kitenzi kiandikwe na kihusishi chake ndani ya sentensi fupi: "Ich warte auf den Bus" (nasubiri basi). Ukikariri "warten" peke yake, siku ya kuandika utabahatisha "für".

Wanaoanguka ni wale wanaoanza na kadi 50 kwa siku. Wiki ya kwanza wanajisifu, ya tatu marudio ni mamia kwa siku, wanaruka siku mbili na hawarudi tena. Ukielemewa, funga kadi mpya kabisa na ufanye marudio tu mpaka yapungue.

Kwa usikivu, Deutsche Welle wana habari zinazosomwa polepole, sauti na maandishi, bure. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Sikiliza mara moja bila kusoma. Rudia vipande vya nusu dakika huku ukiandika unachosikia. Kisha fungua maandishi, pigia mstari ulichokosa, na mwisho tamka sambamba na msomaji mpaka mwendo wenu ulingane. Dakika tatu zilizochambuliwa namna hii zinashinda redio inayonguruma saa nzima ukiwa unapika.

Fundi Sarufi:
Chumvi, umesahau kwamba Mswahili ana mitego yake. Upatanisho wa kisarufi haumtishi. Amekua na ngeli. Ila ngeli zetu mara nyingi zinajionyesha kwenye nomino yenyewe, kitabu na vitabu, mti na miti. "Tisch" (meza), "Tür" (mlango) na "Buch" (kitabu) hazikuonyeshi kitu. Miisho michache tu inasaidia: -ung, -heit na -keit ni die, -chen ni das. Mengine ni kukariri.

Matamshi ndiyo mabaya zaidi kwa anayejisomea. "Staat" (dola) na "Stadt" (mji) zinatofautishwa na urefu wa irabu tu, na sikio letu halijazoea kupima urefu huo. "Ü" unaipata hivi: tamka "i", usisogeze ulimi, kisha viringa midomo kama ya "u". Konsonanti zinazofuatana zinamfanya Mswahili achomeke irabu, "Herbst" inakuwa "herbisti". Dawa yake ni kujenga kutoka nyuma: t, st, bst, Herbst. Jirekodi sekunde ishirini, ziweke kando ya sekunde ishirini za msomaji, sikiliza kwa zamu. Utagundua nusu ya makosa. Nusu nyingine hutaisikia, kwa sababu sikio lililoikosa mara ya kwanza ndilo hilo hilo unalolitumia kukagua.

Mleta mada:
Fundi, mbona Heinrich Schliemann, yule mfanyabiashara Mjerumani ambaye baadaye alichimbua magofu ya mji wa kale wa Troya, alijifundisha Kirusi akiwa Amsterdam mwaka 1844? Baada ya wiki sita akaandika barua yake ya kwanza ya biashara kwa lugha hiyo. Hapakuwa na simu wala Anki.

Mwalimu wa Jioni:
Mkuu, umenipa ushahidi wangu. Kwa maelezo yake mwenyewe, Schliemann alimlipa mtu faranga nne kwa wiki aje kila jioni, kwa muda wa saa mbili, amsikilize akisoma Kirusi kwa sauti, na mtu huyo hakujua hata neno la Kirusi. Alipojifunza Kiingereza kabla ya hapo alikuwa na somo kila siku, na insha zake zilisahihishwa na mwalimu kabla ya kuzikariri. Juhudi zilikuwa zake, lakini alijua hawezi kuwa msemaji na msikilizaji kwa wakati mmoja.

Nesi wa Kisauni:
Jamani, mnabishana kana kwamba mtihani ni kitu kimoja. B1 na B2 zina sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza. Kila moja ina alama 100, kila moja unatakiwa kupata 60, na unaweza kurudia ile uliyoanguka peke yake. Kwa hiyo pesa nazo zigawanywe. Kusoma na kusikiliza jifundishe mwenyewe, hapo nipo na mleta mada. Ila zoea kusikia mara moja tu: sehemu mbili kati ya nne za usikivu wa B1 hazirudiwi, na aliyezoea kurudisha nyuma kila sentensi anakwama hapo.

Kuandika na kuzungumza, tafuta mtu. B2 ina dakika 75 za kuandika maandiko mawili, moja la maneno 150 na zaidi, jingine 100 na zaidi. Mdomoni kuna mada ya dakika nne hivi, kisha mabishano ya kama dakika tano na mtahiniwa mwenzako. Huwezi kubishana na kioo. Saa moja kwa wiki na mwalimu wa mtu mmoja, miezi mitatu ya mwisho, ni saa kumi na mbili tu. Hata akitoza ghali, linganisha na ada ya darasa zima kuanzia A1. Na tusisahau cheti hakimalizi kazi. Wodini utapokea zamu kwa mdomo, haraka haraka, na utashika simu ya ndugu wa mgonjwa mwenye lahaja ya Bavaria.

Chumvi ya Bahari:
Dada Nesi, hapo kwenye kuandika akili mnemba inatosha kumsahihisha mtu.

Fundi Sarufi:
Inatosha ukiitumia vizuri. Ukiiambia "nisahihishie", inaandika upya insha nzima kwa Kijerumani kizuri, unatikisa kichwa, na kesho unakosea vile vile. Iambie ipige mstari chini ya makosa bila kuyarekebisha, urekebishe mwenyewe, ndipo ikague. Weka daftari la makosa yako na uandike mada ile ile tena baada ya siku tatu bila kuchungulia. Ila alama usiiamini. Kwa uzoefu wangu ni mkarimu mno, na haikupimi dakika.

Mwalimu wa Jioni:
Kwa B1 nimekubali, mtu makini anafika. Kwa B2 bado. Hata saa kumi na mbili za Nesi nazionea shaka kama huko nyuma pote hapakuwa na mtu: makosa ya "weil" niliyoyataja yatakuwa yameshakomaa. Afadhali ziwe nne mwanzoni, wakati wa A1, kwa ajili ya matamshi na mpangilio wa sentensi, na nane mwishoni.

Nesi wa Kisauni:
Nne mwanzoni, nakubali. Na kabla ya kulipia mtihani, chukua mitihani ya mfano ambayo Goethe wanaitoa bure, ukae nayo kwa saa ya ukutani, simu nje ya chumba. Sehemu yoyote ikikupa chini ya 70 mara mbili mfululizo, usijisajili kwanza. Hofu ya siku yenyewe inakula hizo kumi za ziada.