Wauza diski za "tera 16" hapa Bukavu, mtatuua kwa presha

Wakuu, leo nimeshindwa kuvumilia, wacha nimwage hapa. Mimi ni fundi wa kompyuta Bukavu, mashariki mwa Kongo, kibanda changu kiko upande wa Nyawera, na uzi huu ni wa wenye butiki wanaouza diski za nje za kuhifadhia faili za "tera 16" (tera moja ni giga elfu) kwa dola 40. Mnajijua. Sitaji jina la butiki kwa sababu sitaki uzi ufutwe, lakini mkipita hapa msome mpaka mwisho.

Ya wiki hii ndiyo imenitoa machozi ya hasira. Kaja mama mmoja anayetunza kumbukumbu za kwaya ya parokia yao. Mtu mzima, mtaratibu, kila kitu kakiandika kwenye daftari: nyimbo zilizorekodiwa miaka na miaka, video za misa za upadirisho, picha za wanakwaya waliokwisha kutangulia mbele za haki. Laptopu ya kwaya ilikuwa imejaa, mwenye butiki akamwambia, "Mama, chukua hii ya tera 16, hutanunua diski tena maishani." Akachukua. Akahamisha vyote, akafuta kwenye laptopu ili ipate nafasi, kama alivyoelekezwa pale pale kaunta. Sasa majina yote ya faili yapo, ukubwa wake upo, ukigusa haifunguki. Zile za mwanzo mwanzo zinafunguka. Zilizofuata, kimya.

Nikafungua kasha mbele yake. Hakuna skrubu hata moja, ni plastiki iliyobanwa kwa gundi, ukipitisha ncha ya kisu ubavuni inaachia. Ndani kuna kijibodi chenye urefu wa kidole gumba, kimechomekwa memori kadi ile ile ya simu, giga 64, imezungushiwa gundi nyeupe isitikisike. Pembeni pamebandikwa kipande cha chuma ili kitu kiwe kizito mkononi. Chuma, wakuu! Yaani kuna mtu alikaa kiwandani akafikiria mpaka uzito. Mama akakitazama kile chuma, akaniuliza, "Hapa ndipo zilipohifadhiwa?" Nilikosa la kumjibu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: kila diski ina kichipu kinachoiambia kompyuta nafasi iliyopo. Kompyuta haina macho, inaamini inachoambiwa. Hawa jamaa wanakiprogramu kichipu kidanganye, ndani giga 64, mdomoni tera 16. Ukianza kunakili, zile giga za kwanza zinaingia kweli, ndiyo maana ukiijaribu dukani kwa wimbo mmoja na picha mbili tatu utaisifia. Nafasi ya kweli ikiisha, kichipu hakisemi kimejaa. Kinaendelea kupokea, na kinachopokewa ama kinatupwa ama kinaandikwa juu ya vitu vilivyotangulia. Majina kwa kawaida yanabaki kwa sababu orodha ya faili hukaa mwanzoni mwa diski, na mwanzo ndiyo sehemu pekee ya kweli. Ni kama mtunza ghala anayeandika kila gunia kwenye daftari, halafu gunia lenyewe analitupa mto Ruzizi.

Diski iliyokufa angalau unaijua imekufa, unalia, yanaisha. Hii inakuchekea miezi mingi huku wewe ukiendelea kufuta vitu kwenye kompyuta kwa imani. Na msiniletee mkidhani nina dawa. Kitu kilichofutwa kinaweza kutafutwa na mara nyingine kikapatikana. Kitu ambacho hakikuandikwa popote nikakitafute wapi?

Nilimsindikiza mama mpaka butiki. Kijana wa kaunta akaanza na habari ya virusi. Nikamwekea ile memori kadi juu ya kioo. Akahamia kwenye "labda mlijaza haraka haraka". Mwisho akageuza faktire (risiti), akatuonyesha kimstari cha chini: marchandises vendues ne sont ni reprises ni échangées. Yaani ukishanunua, imekula kwako. "Papa, na sisi tunaleta tu mzigo," akaniambia. Bosi yuko safarini Dubai, simu haipokewi.

Sasa mwenye butiki, twende kwenye hesabu ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Diski ngumu, zile zenye sahani inayozunguka ndani, dunia nzima zinatengenezwa na kampuni tatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Tera 16 ya kweli ni ile kubwa ya inchi 3.5, uzito wake unakaribia gramu 700, na haiwaki kwa waya wa USB peke yake, lazima iwe na adapta yake ya umeme. Zile ndogo za inchi 2.5 za kubeba mkobani zilikwama kwenye tera 5 kwa miaka mingi, mpaka 2024 Western Digital walipotoa ya tera 6. Na zisizozunguka, zile SSD? Samsung walitoa ya kubebeka ya tera 8 mwaka 2023, ikaingia sokoni kwa zaidi ya dola 600. Hiyo ni nusu ya tera 16! Wewe unauza mara mbili yake, ukubwa wa kiberiti, kwa dola 40, ukiwa umeshalipa ndege na ushuru (kama ushuru ulilipa), halafu unaniambia hukujua?

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Nilipohesabu kwenye daftari la mama, mali yote ya kwaya haikufika hata giga 400. Diski halali ya tera moja ingebeba vyote na nafasi ikabaki zaidi ya nusu. Hakuhitaji tera 16. Aliuziwa ukubwa akaambiwa ni usalama.

Hapo ndipo nina ugomvi hata na mnaouza diski za kweli. Juu ya nini mnamwambia mteja "ukiwa na tera 8 umemaliza"? Amemaliza nini? Diski inazunguka ndani kwa kasi ya mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nanomita chache tu, ukiidondosha ikiwa inafanya kazi umekwisha. Diski kubwa ikianguka inaondoka na vingi zaidi, basi. Na wengine wenu mnauza zilizochoka kwa bei ya mpya. Nililetewa moja "mpya", imo kwenye nailoni na kibandiko kinang'aa, nikaisoma kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski: saa za kufanya kazi zimepita elfu 40. Mwaka mzima una saa 8,760. Hiyo ilikesha kwenye seva ya watu zaidi ya miaka minne na nusu, leo iko kwenye kioo chako ikisubiri harusi ya mtu. Tena hata hizo saa zinaweza kurudishwa sifuri. Januari 2025 heise online, tovuti ya habari za kompyuta ya Ujerumani, iliripoti diski za Seagate zilizokwisha kutumika zikiuzwa kama mpya, hesabu ya kawaida imesafishwa, ukweli ukaonekana kwenye rekodi nyingine ya ndani iitwayo FARM. Seagate wakasema si wao waliowauzia hao wauzaji. Kama Wajerumani wanapigwa, mteja wa mtaani kwetu Kadutu ana nini cha kujitetea?

(Kitu kimoja tu nitawatetea. Diski halali ya tera 1 ikionyesha giga 931 kwenye Windows, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ya tera 4 itaonyesha 3.63. Msiende kupiga watu kwa hilo.)

Bakapu ni vitu kuwepo mahali zaidi ya pamoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha ukafuta kule vilikotoka, bado una nakala ile ile moja, hata diski iwe ya tera 20. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeueneza utaratibu wa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Hiyo ya nje watu wanaiona mbwembwe za wazungu. Bukavu hii hii? Moto ukishika nyumba za mbao kule Kadutu huwa hauishii kwenye moja. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 wakubwa wenzangu mnalikumbuka. Mvua ikija na udongo wa mlimani haiulizi diski yako iko kabati gani. Nakala ya tatu ipeleke kwa dada yako Panzi au kwa shangazi Bagira, ilale huko, mkitembeleana mnabadilishana. Diski mbili za tera 1 zilizopimwa zinashinda hiyo takataka yenu ya 16 mara zote.

Ninachodai ni kidogo. Mteja aruhusiwe kupima kabla ya kutoa makuta (hela). H2testw ni programu ya kupimia ya bure, ya Windows, inaandika faili mpaka kiasi ulichochagua kisha inazisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Wenye Linux na Mac wana F3, inafanya kazi hiyo hiyo. Kama una haraka kuna ValiDrive ya Steve Gibson, inagusa sehemu sehemu za diski nzima na inamaliza kwa muda mfupi. Itumie diski ikiwa tupu. Butiki inayokataa kipimo, ondoka na hela yako. Na ikigundulika ni feki, hela irudi, hicho kimstari cha Kifaransa mkifute, bidhaa ya uongo si "marchandise".

NYONGEZA: naona mmejibu wengi, nijibu kwa pamoja.

Mkuu uliyesema "watu bado wanatumia diski, si waweke mtandaoni tu", karibu Bukavu. Google wanakupa giga 15 bure. Za kwaya ni kama 400. Ukipata kasi ya kupandisha ya megabiti moja kwa sekunde, ni siku 37 usiku na mchana bila kuranti (umeme) kukatika wala kifurushi kuisha. Nani atalipia hicho kifurushi, wewe? Kwa TFC (kazi ya kumaliza masomo chuoni), vyeti na barua, sawa, wekeni huko, hizo ni ndogo na wanafunzi nawaambia kila siku. Kwa video za miaka kumi, hapana.

Dada uliyeuliza kwa nini tera 4 yako inaonyesha tera 2 kwenye kompyuta ya zamani: uwezekano mkubwa imegawanywa kwa MBR, mfumo wa zamani wa kupanga nafasi ya diski, huo haupiti hapo. Inatakiwa GPT, mfumo mpya. Toa vitu kwanza ndipo uibadilishe, kwa sababu njia nyingi zinaifuta yote. Na kama kwenu kuranti inacheza, usiifomati kwa mpangilio wa faili wa exFAT kama unatumia Windows tu. Tumia NTFS, inaweka kumbukumbu ya kilichokuwa kinaandikwa, umeme ukikatika katikati ina nafasi nzuri zaidi ya kujirekebisha.

Uliyeuliza kama unaweza kufungua diski inayogonga "tak tak" ukaisafishe kwa brashi: usithubutu. Izime, iweke.

Na wewe mwenye butiki uliyekuja na akaunti mpya kusema "na sisi tunadanganywa hukohuko Guangzhou". Mara ya kwanza nakubali umedanganywa. Wateja wamekurudishia, umeona memori kadi kwa macho yako, na jana nimepita bado zimepangwa kwenye kioo, bei imeshuka mpaka dola 35. Hapo nani anamdanganya nani? Pima moja kwenye kila katoni kabla hujapanga. Kazi ya asubuhi moja. Kama huna programu njoo kibandani nikupe bure kwa flashi, hata soda sitaki.

Butiki yoyote ya Bukavu inayokubali diski ipimwe mbele ya mteja kabla ya malipo, iseme hapa iko avenyu gani. Nina wateja wanasubiri, na huyo mama wa kwaya ni wa kwanza.